Karatasi Mbili na Muhuri Mmoja: Kisa cha Nyumba Iliyogeuzwa Dhamana Mtwara

Karatasi ya kwanza ina ukurasa mmoja na nusu, imechapwa vizuri, na kichwa chake ni "Mkataba wa Mauziano ya Nyumba". Inaeleza kwamba mwanamke mmoja, "mjane", mkazi wa mtaa ulio pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ameuza nyumba yake ya vyumba vinne kwa shilingi 6,000,000 na kwamba amezipokea zote taslimu. Karatasi ya pili imeandikwa kwa mkono siku hiyo hiyo, tarehe 12 Juni 2023. Hiyo ni mkataba wa upangaji, ambao ndani yake mwanamke yule yule anaipanga nyumba ile ile kutoka kwa mtu aliyeinunua, kwa kodi ya shilingi 600,000 kwa mwezi, kwa miezi sita, kwa sharti kwamba akishindwa kulipa mwezi mmoja atahama ndani ya siku saba bila madai yoyote. Zote mbili zina sahihi za pande mbili na muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Neno mkopo halimo. Riba haimo, wala dhamana.

Nilizisoma karatasi hizo Januari 2024, mama huyo alipoletwa na jirani yake katika ofisi yetu ya msaada wa kisheria. Majina ya wahusika nimeyaacha kwa makusudi, na mtaa wenyewe sitautaja, kwa sababu sehemu ya shauri bado haijaisha na kwa sababu, kusema kweli, karatasi za namna hii nimeziona katika mitaa zaidi ya mmoja.

Kilichotokea hasa ni mkopo. Mama alihitaji shilingi 3,000,000: sehemu kwa ajili ya matibabu ya mama yake mzazi aliyekuwa amelazwa Ndanda, na sehemu kwa ajili ya kuwalipa vibarua wa kupalilia na kupulizia mikorosho ya shamba lake la Nanyamba kabla msimu haujampita. Kikundi chake cha kuweka na kukopa kilikuwa na fedha kidogo sandukuni, kama ilivyo kawaida katikati ya mwaka kwa vikundi vinavyogawana Desemba. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo wanawake wa kikundi chake walikuwa wakiitegemea, ilikuwa imesitishwa na Serikali nchi nzima tangu Aprili 2023 na haikurejea hadi mwaka 2024. Benki ilimtaka hati, naye hakuwa nayo, kwa kuwa mtaa wake ulikuwa haujafikiwa na urasimishaji, yaani kupimwa viwanja na kupewa hati. Alibaki na mtu ambaye kila mmoja mtaani alimjua kuwa hutoa fedha siku hiyo hiyo, biashara ambayo watu wameibatiza jina la kausha damu.

Makubaliano ya mdomo yalikuwa haya: riba ya asilimia 20 kwa mwezi, yaani shilingi 600,000, baada ya miezi sita arudishe shilingi 3,000,000 za mtaji, na karatasi zichanwe mbele yake. Siku ya kupokea alikatwa shilingi 300,000 za "fomu na usumbufu", akaondoka na 2,700,000. Nilipomwuliza alitia sahihi wapi, alijibu, "Pale pale dukani kwake, mwanangu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Mwenyekiti alikuja na muhuri mfukoni."

Nilimwuliza pia kama alisoma. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike uchambuzi huu, kwa sababu linapingana na hotuba nyingi ninazozisikia kuhusu wakopaji wadogo. Alisoma kila neno. Alijua kwamba hakuuza nyumba, alijua kwamba hakupokea milioni sita, na alijua kwamba yeye si mjane, kwa kuwa mumewe alikuwa hai, akivua Kilwa. Mkopeshaji naye alijua hayo yote, na mwenyekiti, aliyehudhuria harusi yao, alijua pia. Basi kumwambia mama huyu kwamba tatizo lake ni uhaba wa elimu ya fedha ni kumwonea. Alikuwa na mgonjwa hospitalini, na mbele yake palikuwa na mlango mmoja tu uliokuwa wazi, ambao ili uingie ulipaswa kuandika uongo.

Alilipa Julai, Agosti na Septemba, shilingi 600,000 kila mwezi, kwa fedha za genge lake na za kuuza mbuzi. Oktoba na Novemba hakulipa kitu. Msomaji wa Mtwara au Lindi hahitaji kuelezwa kwa nini. Huku fedha ya kaya nyingi huingia kwa mlango mmoja kwa mwaka: korosho huokotwa, hupelekwa chama cha msingi, husubiri mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, kisha malipo huingia benki baada ya makato. Marejesho ya kila mwezi yamebuniwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara, na mkulima wa korosho anayafuata kwa kukopa tena au kwa kuuza mali. Desemba malipo yalipoingia, alipeleka shilingi 1,200,000 kwa mkupuo. Jumla yote ikawa 3,000,000, zaidi ya fedha aliyoipokea mkononi kwa 300,000.

Tarehe 9 Januari 2024 mkopeshaji alifika na dalali, wakaizunguka nyumba wakipiga picha. Kwa hesabu yake alikuwa akidai shilingi 4,000,000: mtaji wote wa 3,000,000, 600,000 za riba ya miezi sita ambazo zilikuwa bado hazijalipwa, na faini ya 200,000 kwa kila mmoja wa miezi miwili iliyorukwa. Alimpa siku saba. Hakutumia neno deni. Alisema mpangaji ameshindwa kodi.

Hesabu hiyo inastahili kuwekwa kando ya hesabu ya sheria. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za mwaka 2019, mtu au kampuni inayokopesha bila kupokea amana iko katika daraja la pili, inatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na kikomo cha riba kilichowekwa kwa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Nilikaa na daftari nikapiga hesabu kwa kikomo hicho, riba ikitozwa kwenye salio linalopungua na kila rejesho likipunguza deni. Baada ya malipo ya Desemba salio lilikuwa takriban shilingi 421,000. Nikaanza upya kwa fedha iliyofika mkononi kweli, ile 2,700,000, na salio likawa takriban 52,600. Kati ya shilingi elfu hamsini na mbili na shilingi milioni nne ndipo nyumba ilipokuwa ikining'inia.

Mkopeshaji hakuwa na leseni ya Benki Kuu. Alikuwa na leseni ya biashara ya duka, aliyoitundika ukutani mahali ambapo wateja wake wangeiona, na wengi waliamini kwamba hiyo ndiyo ruhusa ya kukopesha. Hapa pana shimo la kwanza katika ulinzi wa mlaji. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aeleze gharama zote waziwazi kabla ya mkataba na apokee malalamiko, na mteja asiporidhika anaweza kuyafikisha Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa hapa Mtwara mjini. Utaratibu huo ni mzuri, lakini umejengwa kwa ajili ya wateja wa wakopeshaji wanaosimamiwa. Anayekopesha gizani hana dawati la kupokea malalamiko. Huyo ni mtu wa kushitakiwa, na kumshitaki kunahitaji kwanza kuthibitisha kwamba alikopesha. Karatasi zake zinasema alinunua nyumba.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha kisa. Watu husema sheria zetu ni dhaifu kwa wakopaji wanaoweka nyumba dhamana. Si kweli, au si kweli kwa namna wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kwamba rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki kutoka kwa mkopaji kwenda kwa mkopeshaji. Inataka mwenzi wa ndoa aridhie kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, ilikuwa tayari imekataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji anatakiwa kumpa notisi ya maandishi na siku 60 za kurekebisha. Akifika hatua ya kuuza, ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana, na bei ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba amevunja wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Sheria ya Madalali nayo haikubali mnada wa ardhi kabla ya tangazo la hadhara la siku 14. Tena mahakama imepewa mamlaka ya kuufungua upya mkataba wa rehani ya nyumba ya ndoa, hata uwe wa kiasi gani, ili haki itendeke kati ya pande mbili.

Jaribu sasa kuupitisha mkopo wa mama huyu katika masharti hayo. Alikwama mwishoni mwa Oktoba. Siku 60 kuanzia hapo zinaishia mwishoni mwa Desemba, yaani katika majuma yale yale ambayo malipo ya korosho yaliingia na yeye akapeleka milioni moja na laki mbili. Waliotunga sheria hawakuwa wakifikiria mnada wa korosho, lakini muda walioutoa ungemtosha. Bei nayo: nyumba ya jirani inayofanana na yake iliuzwa mwaka huo kwa shilingi 16,000,000, hivyo bei ya milioni sita iliyo kwenye karatasi iko chini ya hiyo kwa zaidi ya asilimia 60. Na mume angelazimika kuitwa kutoka Kilwa.

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichofanya kazi, kwa sababu vyote vinaamshwa na neno moja, rehani, na neno hilo liliachwa nje ya karatasi kwa makusudi. Muuzaji wa nyumba hapewi siku 60. Aliyekwisha kuuza halindwi dhidi ya bei mbaya aliyoikubali mwenyewe. Na mpangaji, ambaye ndiye jina jipya alilopewa mama huyu, ndiye anayelindwa kidogo kuliko wote, kwa kuwa sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi kimeachwa kwa wanaopatana. Ndiyo maana riba ilivikwa vazi la kodi. Riba ina kikomo, kodi haina.

Milango tuliyoipitia naieleza kwa ufupi, maana mingi haikufunguka. Polisi walisema ni shauri la madai. Mwenyekiti alisema kazi yake ni kushuhudia sahihi, si kuchunguza yaliyomo. Baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 limebaki na kazi ya kusuluhisha ndani ya siku 30, liliwaita wote. Mkopeshaji alifika mara moja, akazionyesha karatasi mbili, akaondoka. Baada ya siku hizo kupita tulifungua maombi katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, tukiomba kwanza zuio la muda ili mama asitolewe, nalo likapatikana.

Katika maandalizi hayo ndipo niliposhuhudia jinsi karatasi ya uongo inavyobomolewa kwa vitu vidogo. Sheria ya Ushahidi hairuhusu kirahisi maneno ya mdomo yapinge mkataba ulioandikwa, lakini inaacha mlango wazi pale panapodaiwa udanganyifu, vitisho au uharamu. Tulihitaji kitu cha kuushikilia mlango huo. Cha kwanza kilikuwa kodi yenyewe. Vyumba vya jirani vilikuwa vikipangishwa kwa shilingi 30,000 hadi 40,000 kwa mwezi; nani angepanga vyumba vinne vya mtaa ule kwa laki sita, wakati palikuwa na nyumba tupu hatua hamsini kutoka hapo? Na kwa kodi hiyo mnunuzi angerudisha bei yote ya nyumba ndani ya miezi kumi. Hakuna mwenye nyumba Mtwara aliyewahi kuota jambo hilo, hata ile miaka ya vuguvugu la gesi, wageni walipojaa mjini na kodi zikapaa.

Cha pili kilikuwa simu. Mama alikuwa hajafuta ujumbe hata mmoja. Tarehe 3 Novemba mkopeshaji alimwandikia: "Mama rejesho la mwezi wa kumi bado naona kimya." Rejesho! Mwenye nyumba hadai rejesho, anadai kodi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ujumbe wa simu unakubalika kuwa ushahidi, ukitimiza masharti ya kuthibitisha asili yake, na neno lile moja lilikuwa na uzito kuliko karatasi zote mbili zilizopigwa muhuri.

Cha tatu kilikuwa mjomba. Mama huyu ni Mmakonde, na kiwanja kilitoka upande wa mama yake, kama inavyotokea katika koo nyingi za huku zinazofuata ukoo wa kike. Mjomba wake, mzee wa miaka zaidi ya 70, alikuja na bakora yake na kueleza kwa utulivu kwamba nyumba ya dada yake haiwezi kuuzwa yeye asiambiwe, na kwamba hadi Januari alikuwa akipokelewa hapo kama kwao. Sheria ya Ardhi haimtambui mjomba kama inavyomtambua mume, na sidai kwamba inapaswa kumtambua. Lakini maelezo yake yalithibitisha kwamba hakuna mtu, ndani ya ukoo wala nje, aliyekuwa na habari ya mauzo. Mume naye alikuja, akaweka mezani cheti cha ndoa, na neno "mjane" likafa hapo hapo.

Ni haki kumsikiliza mkopeshaji pia, kwa maana hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema nyumba isiyo na hati haisajiliki kama rehani, kwamba watu humkimbia, na kwamba asipoandika mauziano hana pa kushika. "Wewe ungenishauri niandike nini?" aliniuliza, na nadhani aliuliza kwa dhati. Nilimjibu kwamba Sheria ya Ardhi inaitambua hata rehani isiyo rasmi, iliyoandikwa na kushuhudiwa, ambayo nia yake ya kuweka ardhi dhamana iko wazi. Hakuwahi kuisikia. Lakini hata angeisikia asingeitumia, kwa kuwa angelazimika kuandika kiasi halisi na riba halisi, na riba ya asilimia 20 haiwezi kuonyeshwa kwenye karatasi yoyote halali. Uhaba wa hati unaeleza kwa nini mama alimwendea mtu huyu. Hauelezi kwa nini milioni tatu ziliandikwa milioni sita.

Mwezi Aprili, kabla ya usikilizwaji kuanza, mkopeshaji alikubali kumaliza. Alipokea shilingi 421,000, akaandika kwamba hadai kitu, na mikataba yote miwili ikabatilishwa kwa maandishi mbele ya mashahidi. Tungeweza kubishania ile 52,600, na baadhi ya wenzangu walitaka hivyo. Mama mwenyewe alisema amechoka na anataka kulala. Naheshimu uamuzi huo, ingawa naujua upungufu wake: shauri lililoisha kwa mapatano haliachi uamuzi ambao mkopaji mwingine wa mtaa wa pili angeweza kuusimamia.

Kwa hiyo swali la kanuni linabaki, na ninaloliomba ni dogo kuliko wengi wanavyotarajia. Siombi riba ishushwe zaidi, wala sheria mpya ya kurasa mia. Naomba kanuni iseme hivi: pale mtu anapodaiwa kuuza nyumba anayoishi, akabaki akiishi humo, na akawa analipa fedha kwa huyo huyo aliyeinunua, muamala huo uchukuliwe kuwa rehani, haki zote za mkopaji ziwepo tangu siku ya kwanza, na mzigo wa kuthibitisha kwamba yalikuwa mauzo ya kweli umwangukie anayedai kununua. Kwa sasa mzigo uko kwa mama mwenye genge, ambaye anapaswa kutafuta ujumbe wa simu, mjomba na cheti cha ndoa ndani ya siku saba huku dalali akipiga picha. Mabadiliko hayo hayawezi kumwumiza mnunuzi halali, kwa kuwa mnunuzi halali huhamia, au huleta mpangaji mwingine, au angalau ana stakabadhi ya benki ya fedha alizolipa.

Sehemu ya pili inahusu muhuri, nayo haihitaji Bunge. Mwenyekiti wa mtaa si msajili wa ardhi na sheria haijampa kazi ya kuhakiki mauzo, lakini katika mitaa isiyo na hati muhuri wake ndiyo hati. Kila mnunuzi, kila mkopeshaji, na mara nyingi hata mabaraza yenyewe huanza kwa kuuangalia. Nguvu hiyo imekua bila kanuni yoyote ya kuiongoza. Manispaa inayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na inaweza kuelekeza kwamba muhuri usigongwe kwenye mauziano ya nyumba ya kuishi mpaka wanandoa wote wawili wafike ofisini, malipo yaonekane yamepita benki au kwenye simu, na siku kadhaa zipite kati ya kuwasilisha karatasi na kuipiga muhuri, huku nakala ikibandikwa kwenye ubao wa mtaa. Siku kumi na nne ningezipendekeza mimi, kwa kuwa ndizo zinazotakiwa kwa mnada. Muamala wa uongo haupendi ubao wa matangazo. Wenyeviti niliozungumza nao wanalalamika kwamba utaratibu huo utawakosesha ile posho ndogo wanayopewa kwa kila muhuri, na hiyo ni sababu nzuri ya kuweka ada inayojulikana, yenye risiti, badala ya fedha ya soda.

Kuhusu marejesho ya msimu sitasema mengi. Mkopo wa mkulima wa korosho unaweza kupangwa ulipwe riba kidogo kidogo na mtaji wake baada ya minada, na vyama vya akiba na mikopo vimekuwa vikifanya hivyo pale vyenye uongozi mzuri vilipo. Kinachokosekana ni kumlazimisha kila mwenye leseni amwonyeshe mkulima mpango huo kabla hajamwonyesha ule wa kila mwezi.

Ningependa kuishia kwenye mapatano ya Aprili, lakini mwezi Mei alikuja ofisini mwalimu mstaafu kutoka Lindi, mtu mpole, amevaa shati lililopigwa pasi, akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na mkataba wa mauziano wa nyumba ile ile, wa tarehe 20 Januari 2024, siku ambayo usuluhishi wa baraza la kata ulikuwa ukiendelea. Mkopeshaji, kama "mmiliki", alimwuzia kwa shilingi 9,000,000, na mwalimu alikuwa ameshalipa 5,000,000 kutoka kwenye kiinua mgongo chake. Alitaka kujua lini mpangaji atahama. Ilinibidi nimweleze kwamba hakuna mpangaji, kwamba karatasi iliyompa mkopeshaji umiliki imebatilishwa, na kwamba yeye sasa ana madai dhidi ya mtu ambaye duka lake limefungwa tangu wiki iliyopita.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaugeuza mkataba wake na kuniwekea kidole kwenye muhuri, ule ule wa duara, wenye wino wa zambarau uliofifia upande mmoja kama ulivyofifia kwenye karatasi za mama. "Mimi sikununua kiholela," alisema. "Nilikwenda ofisi ya mtaa kwanza, nikauliza. Nilipaswa kumwuliza nani mwingine?"

Madai yake tumeyafungua. Yeye na mama walikutana kwenye benchi la baraza mwezi Juni, na mama ndiye aliyemsogezea nafasi akae.